Zabibu Alipokwenda Ulaya

Washikaji wa kijiweni pale Makutupora wana utani wao mmoja ambao mpaka leo hawajauchoka. Nikipita naelekea dukani utasikia mmoja anapaza sauti: "Aise, wa Ulaya hajambo?" Wenzake wanaangua kicheko. Anayeulizwa si kaka yangu wala mchumba wangu. Ni mbwa. Anaitwa Zabibu, aliokotwa kwenye shamba la mizabibu hapa hapa kwetu, na sasa anaishi Hamburg, Ujerumani. Mimi niliyemwokota, nikamlisha, nikamshika miguu akichomwa sindano, nipo hapa hapa na sina hata pasipoti.

Ndugu msomaji, kisa hiki nilitaka kukiandika kama hadithi ya kuchekesha. Nimekianza mara tatu, na mara zote tatu nimeishia ukurasa wa pili. Sababu naijua. Nyuma ya mbwa huyu wa Ulaya yupo mbwa mwingine ambaye sijawahi kumsema kwa mtu, na sitaweza kumsimulia mmoja nikamficha wa pili. Basi leo nasema yote.

Kwanza mahali penyewe. Ukiwaambia watu wa Dar es Salaam kwamba unatoka Makutupora, wanakuambia, "Aa, kule kwenye SGR, Morogoro mpaka Makutupora!" Sivyo. Makutupora ya reli ipo Manyoni, mkoa wa Singida. Yetu ipo kaskazini ya Dodoma mjini, ukishika barabara ya Arusha, kilomita 20 na ushee. Ni nchi ya vumbi jekundu, mibuyu na mizabibu. Kuna kambi ya JKT, kuna kituo cha utafiti wa zabibu, na kuna visima virefu vinavyopeleka maji Dodoma mjini. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kweli kweli, na mji ukafanywa jiji mwaka 2018, wageni wameongezeka, na kazi za kwa wageni nazo zimeongezeka.

Mimi nilimaliza kidato cha nne mwaka huo huo wa 2016. Matokeo niachieni mwenyewe. Nilikuwa na daftari moja la riwaya, sasa yamefika manne, na nilikuwa na imani kwamba riwaya ikichapishwa tu, mambo yatanyooka. Wakati naisubiri hiyo riwaya, mwaka 2020 nikapata kazi ya shamba boi kwa mama mmoja wa Kijerumani, mtaalamu wa kilimo, aliyepanga nyumba jirani na mashamba ya zabibu. Nilimwita Madam. Siku moja alinikuta nimekaa chini ya mti nasoma kitabu, maji yanamwagika ovyo kutoka kwenye mpira. Nikajua kazi imekwisha. Yeye akafunga bomba, akaniuliza kitabu kinahusu nini. Kuanzia siku ile tuliheshimiana.

Machi 2021, wakati wa mavuno, tulisikia kitu kinalia katikati ya mistari ya mizabibu. Kilikuwa kitoto cha mbwa, rangi ya udongo, masikio makubwa kuliko kichwa. Vibarua walitaka kukitupa ng'ambo ya ua. Mimi ndiye niliyekuwa karibu, na Madam akaniambia, "Mchukue."

Sikusogea.

"Unaogopa mbwa?" akaniuliza.

"Hapana, Madam," nikasema. Nikavua shati, nikamfunika nalo yule mtoto wa mbwa ili mikono yangu isimguse, nikambeba hivyo hivyo mpaka jikoni. Vibarua walicheka sana. Hawakujua wanachocheka.

Sasa nirudi nyuma, mwaka 2011.

Nilikuwa na miaka 12, mdogo wangu ana 7. Kwetu kila nyumba yenye mifugo ina mbwa. Mbwa wa Wagogo si wa kuchezewa, ni mlinzi wa zizi. Anakula kinachobaki, analala nje, na jina lake mara nyingi ni fumbo la kumpasha jirani. Wa kwangu nilimwita Sijali. Nilimleta mwenyewe kutoka kwa rafiki yangu wa shule, baba akakubali kwa sharti moja: "Akimdhuru mtu, wewe ndiye utakayejibu."

Jioni moja Sijali alikuwa amejikunja chini ya ghala, hataki kula, mate yanamtoka. Mdogo wangu akamsogezea ugali kwa mkono. Akamng'ata kwenye kiganja. Halikuwa jeraha kubwa, matundu mawili tu na mchubuko. Mtoto akaanza kulia. Nikamziba mdomo.

Nilimwambia: "Ukisema, baba atanichapa na mbwa atauawa. Usiseme." Nikamfunga kitambaa, nikamwambia akiulizwa aseme amejichoma na mwiba wa mgunga. Mdogo wangu alinipenda mno. Hakusema. Siku ya nne Sijali alitoweka, hatukumwona tena. Nikashukuru Mungu kwamba ushahidi umekwenda.

Wiki ya sita mtoto alianza kulalamika kiganja kinamwasha na kumchoma, wakati kidonda kilishapona zamani. Halafu homa. Halafu akakataa maji. Mama akimpelekea kikombe, shingo inakakamaa, macho yanamtoka, analia. Alikuwa na kiu na anayaogopa maji. Hospitali walipomwona tu, daktari aliuliza swali moja: "Mtoto huyu aliumwa na mbwa?" Baba akasema hapana. Mama akasema hapana. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilisikia swali, na nilikuwa na jibu. Nikanyamaza.

Nilikuja kusoma baadaye kwamba dalili zikishaanza, jibu langu lisingesaidia tena. Kichaa cha mbwa kikishafika kwenye ubongo, karibu hakuna anayepona. Nilitakiwa kujibu wiki sita kabla. Alifariki siku ya tatu. Watu wakasema ni mbwa koko wa barabarani aliyemuuma akiwa machungani. Baba alifariki mwaka 2018 akiamini hivyo.

Kwa hiyo, msomaji wangu, uelewe kwa nini nilimbeba Zabibu kwa shati.

Lakini mbwa naye ana ukorofi wake. Hajui historia yako. Zabibu alinifuata bombani, akanifuata shambani, nikikaa kusoma analaza kidevu juu ya kandambili yangu. Nilimfukuza mwezi mzima. Mwezi wa pili nikachoka kumfukuza. Mwezi wa tatu nikijikuta nasimulia riwaya yangu kwa sauti, msikilizaji ni yeye. Alikuwa msikilizaji mzuri kuliko washikaji wa kijiweni, maana yeye hakuuliza nitalipwa shilingi ngapi.

Mwishoni mwa 2022 Madam akaniita barazani. Mkataba wake ulikuwa unamalizika katikati ya mwaka unaofuata, anarudi kwao Hamburg. Akaniambia: "Nataka kwenda na Zabibu. Lakini wewe ndiye uliyemlea. Ukitaka abaki na wewe, nitamwacha, na nitatuma fedha za chakula chake."

Nikamjibu bila kufikiri: "Nenda naye, Madam. Huko atapata maisha mazuri."

Aliniona mtu wa moyo mkubwa. Nakiri hapa kwamba sikuwa na moyo mkubwa. Nilihofia kurudi nyumbani na mbwa. Nilihofia macho ya mama yangu.

Sasa ikaanza kazi ya karatasi, na hapa ndipo nilipopata elimu ambayo sikuipata darasani. Nilidhani mbwa anasafirishwa kama mzigo: unalipa, unapakia, kwaheri. Kumbe mbwa wa Tanzania kuingia nchi za Umoja wa Ulaya ni safari ya miezi mitano kabla hajaiona ndege.

Jambo la kwanza ni utambulisho. Anawekwa chini ya ngozi ya shingo kidude cha elektroniki, maikrochipu, ukubwa wake kama punje ya mchele. Ndani yake kuna namba ya tarakimu 15, na mashine ikipitishwa juu ya shingo namba inasomeka. Hiyo ndiyo namba yake mpaka kufa.

La pili ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Zabibu alishachanjwa mwaka 2021, nikadhani hapo tumepita. Daktari wa mifugo akatikisa kichwa. Chanjo iliyochomwa kabla ya kidude haihesabiwi, kwa sababu hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba mbwa aliyechanjwa ni huyu huyu. Kidude kwanza, chanjo baadaye. Tukaanza upya katikati ya Januari 2023.

La tatu ndilo lililonishangaza. Baada ya chanjo unasubiri zisipungue siku 30, ndipo mbwa anatolewa damu, na damu hiyo inapelekwa kwenye maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya. Kule wanapima kama mwili wake umejenga kinga ya kutosha, na kipimo chao ni angalau 0.5 ya kizio cha kimataifa kwa kila mililita. Ukifaulu, bado huruhusiwi kwenda. Unasubiri miezi mitatu mingine, ikihesabiwa tangu siku damu ilipotolewa. Sababu ni kwamba ugonjwa huu unaweza kujificha mwilini wiki na miezi. Wanataka uwe umejitokeza huku huku, kama upo.

Kujificha wiki na miezi. Daktari aliyasema hayo akiwa anaandika, bila hata kuniangalia. Mimi nilikuwa nimemshika Zabibu miguu ya mbele, na nilihisi mikono inaniishia nguvu. Wiki sita za mdogo wangu zilikuwa zimeandikwa kwenye sheria ya watu wa mbali, ambao hawajawahi kufika Makutupora.

Majibu ya damu yalirudi Machi. Madam alifurahi, akanionyesha ile karatasi. Kinga ipo, tena imepita kiwango. Nami nilitabasamu, kisha nikaenda nyuma ya nyumba, nikakaa kwenye ndoo iliyoinamishwa. Siku ile nilimchukia Zabibu. Nilimchukia Madam, nikaichukia na karatasi. Mbwa aliyeokotwa kwenye mizabibu ana daktari wake, ana namba, ana maabara ya ng'ambo inayothibitisha kwamba hatakufa kwa ugonjwa uliomuua mtoto wa mama yangu. Mdogo wangu hakuwahi kuwa na karatasi yoyote kama ile.

Nilikaa pale mpaka jua likazama. Na kwa sababu nilikaa sana, hasira ikaisha, ukabaki ukweli wenyewe, nao haukuwa wa kupendeza. Ni kweli fedha zilizotumika kwa mbwa yule zilizidi mshahara wangu wa mwaka mzima. Lakini mdogo wangu hakufa kwa kukosa maabara ya ng'ambo. Chanjo ya mbwa ni sindano moja ya bwana mifugo. Sabuni tulikuwa nayo. Hospitali ipo, na baba alikuwa na mbuzi wa kuuza. Kilichokosekana ni neno moja kutoka kinywani mwangu.

Tuliendelea. Fundi seremala wa mjini akaulizwa kama anaweza kutengeneza sanduku la kusafiria, ila Madam akaamua kununua la plastiki linalokubaliwa na mashirika ya ndege. Kanuni yake ni rahisi: mbwa aweze kusimama bila kugusa juu, aweze kugeuka, aweze kulala kama alivyozoea. Pawe na matundu ya hewa na chombo cha maji kilichofungwa mlangoni. Nikashauri apewe dawa ya usingizi ili asiteseke. Daktari akakataa kabisa: mnyama aliyeleweshwa dawa angani anaweza kushindwa kupumua vizuri au kujishikilia ndege ikiyumba. Dawa nzuri ni mazoea. Kwa hiyo miezi miwili nilimlisha Zabibu ndani ya sanduku lile. Mwanzoni alinyoosha shingo tu, miguu nje. Mwishowe akawa analala humo mchana kutwa, mlango wazi, kama mwenye nyumba.

Siku chache kabla ya safari kikatoka cheti cha afya kilichosainiwa na daktari wa Serikali. Cheti hicho nacho kina haraka zake: kikishatolewa, mnyama awe ameingia Ulaya ndani ya siku 10. Ukikitoa mapema mno, kimeoza kama nyanya.

Juni 2023 tukashuka Dar es Salaam kwa gari. Treni ya SGR ya Dodoma ilikuwa bado haijaanza kubeba abiria, ilianza mwaka uliofuata. Ni kilomita kama 450, na kila tuliposimama watu walisogea kuchungulia. Morogoro mama mmoja muuza machungwa akaniuliza, "Mwanangu, huyo mbwa anaumwa?" Nikamjibu, "Hapana mama, anasafiri. Anakwenda Ulaya." Akaniangalia, akamwangalia mbwa, akaniangalia tena. "Na wewe?" Nikasema mimi namsindikiza. "Haya," akasema, "Mungu ni mkubwa." Akanipa chungwa bure.

Uwanja wa ndege wa Julius Nyerere ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuukanyaga. Nilimwagia Zabibu maji kwenye chombo chake, nikaweka ndani lile shati langu la siku ya kwanza, limeshachakaa, maana daktari alisema kitu chenye harufu anayoijua humtuliza. Sandukuni palibandikwa karatasi ya kueleza kwamba humu mna mnyama hai. Akasukumwa kwenye toroli. Hakubweka. Aligeuka tu ndani ya sanduku, kama kanuni inavyotaka, akanitazama kwa kupitia matundu. Mlango ukafunguka, ukajifunga. Mimi sikuruhusiwa kupita.

Nilirudi Dodoma kwa basi. Nasema kweli, nililia kuanzia Kibaha mpaka Chalinze.

Najua kuna msomaji atakayesema huu ni mchezo wa wazungu, kubeba mbwa angani wakati watu hawana nauli. Na mimi nilisema hivyo. Ila nilipoanza kusoma nikagundua kwamba mbwa wa kwetu kwenda Ulaya si jambo la juzi. Wapo mbwa wadogo wa misitu ya Kongo, wana mkia uliojiviringa na hawabweki kama mbwa wengine. Waingereza walipeleka jozi kwao wakaonyeshwa mwaka 1895 kwenye maonyesho ya mbwa ya London, wakafa kwa ugonjwa wa mbwa wa huko ambao miili yao haikuuzoea. Mpaka miaka ya 1930 ndipo walipofanikiwa kuishi na kuzaa. Leo wanafugwa dunia nzima kwa jina la Basenji, na ukiliangalia neno hilo vizuri utaona ni ndugu wa neno letu "washenzi". Mbwa wa washenzi! Sasa analala kwenye mto wa sufi. Kilichonigusa hapo si jina, ni wale wawili wa kwanza. Kumpeleka kiumbe nchi nyingine bila kuuandaa mwili wake ni kumuua polepole. Zile sindano na miezi ya kusubiri nilizokuwa nazichukia zina sababu yake.

Wiki ya kwanza Hamburg, Zabibu hakula. Madam alinipigia simu ya video, sauti imemkauka. Ameweka chakula cha kopo, cha nyama safi, mbwa anageuza uso. Nikamuuliza, "Dagaa huna, Madam?" Akacheka kwa mara ya kwanza. Nikamwambia asogeze simu karibu. Nikaita kama nilivyokuwa nikiita kila jioni: "Zabibu! Njoo ule, mama, kumekucha huko?" Masikio yakasimama. Alizunguka nyuma ya simu kunitafuta, akarudi, akazunguka tena. Madam akapika ugali wa unga wa mahindi alioukuta kwenye duka la Waafrika, akachanganya na samaki. Akala.

Mengine nayajua kwa simu hizo. Mbwa wa Ujerumani ana kodi. Analipiwa kwa halmashauri kila mwaka. Berlin mwaka 2023 mbwa wa kwanza alilipiwa euro 120. Kwenye treni, mbwa mkubwa hukatiwa tiketi ya nauli ya mtoto. Akijisaidia njiani, mwenye mbwa anaokota kwa mfuko na kutupa panapostahili. Na kuna kanuni inayosema mbwa apewe muda wa kutosha wa kutembea nje. Nilipowasimulia hilo pale kijiweni, walikufa kwa kicheko. Mmoja akasema, "Sasa mbwa wangu mimi analala nje mwaka mzima, si nitapewa nishani?"

Lakini Madam aliniambia jambo jingine ambalo sikuwasimulia. Zabibu huamka saa kumi za alfajiri, saa ambayo huku kwetu alizoea kuzunguka ua, na huzunguka sebule ya ghorofa ya tatu, mara nne au tano, akinusa kila pembe, kisha hurudi kulala. Hakuna wa kumlinda, hakuna zizi. Majirani walilalamikia kubweka kwake, ikabidi apelekwe kwa mwalimu wa mbwa. Theluji ya kwanza alikataa kuikanyaga. Amezoea sasa, ana koti. Ila ule mzunguko wa alfajiri hajauacha. Nadhani kila anayehama hubaki na saa moja ya kwao ambayo haibadiliki.

Na mimi niliyebaki? Mwishoni mwa Septemba mwaka ule bwana mifugo wa kwetu alitangaza siku ya chanjo ya mbwa. Septemba 28 ni siku ya dunia ya kichaa cha mbwa. Ni kumbukumbu ya siku aliyofariki mwaka 1895 Louis Pasteur, yule Mfaransa ambaye Julai 1885 alimchanja mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa, na mtoto akapona. Wataalamu wanakadiria kwamba duniani watu 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, wengi Afrika na Asia, na kama 40 kati ya kila 100 ni watoto chini ya miaka 15. Wanasema mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa, ugonjwa unakosa pa kupita.

Nilikwenda kusaidia. Walikuja watoto na mbwa wao wamefungwa kamba za katani, wengine wamewabeba mgongoni, wengine wanaburutwa wao na mbwa. Kazi yangu ilikuwa ile ile niliyoifanya kwa Zabibu, kushika miguu. Kila baada ya mbwa kuchomwa, nilimwambia mwenye mbwa maneno yale yale: "Ukiumwa na mbwa, hata wako, osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15. Halafu sema. Mwambie mama, mwambie mwalimu, mwambie yeyote. Uende hospitali siku hiyo hiyo. Hutachapwa."

Kitoto kimoja cha kike kikaniuliza, "Kweli hatuchapwi?"

Nikashindwa kumjibu upesi. Kwani nilikuwa na haki gani? Nilikuwa nawafundisha watoto wa watu kusema, na mimi mwenyewe nina miaka 12 ya kutosema.

Jioni ile nikamkuta mama anachambua mlenda mlangoni. Nikakaa chini, nikamwambia. Sikupamba. Mbwa wangu, ugali, kiganja, kitambaa, mwiba wa mgunga, swali la daktari. Nilipomaliza, mama aliendelea kuchambua mlenda kwa muda mrefu sana. Nikawa nahesabu majani.

Mwisho akauliza: "Yule mbwa wako alikuwa anaitwa nani vile?"

"Sijali."

"Usiku ule tulipotoka kuzika," akasema, "baba yako aliniuliza, mbwa wa mtoto mbona simwoni. Nikamwambia aache. Nikamwambia tumebakiwa na mmoja."

Sikuweza kusema kitu. Mama akanyanyuka na ungo wake. Alipofika mlangoni akasimama. "Kama ni ya kuandika, andika. Watoto wa watu wasome. Ila jina la mwanangu usilitaje."

Ndiyo maana sijalitaja.

Sasa hivi nyumbani tuna mbwa. Mama ndiye aliyetaka, ati kuku wanaibiwa. Ana kadi yake ya chanjo, nimeiweka pamoja na madaftari yangu ya riwaya. Mdogo wangu aliyenifuata mdomo nilimziba; huyu kila mtoto wa jirani anayekuja kucheza naye nimeshamwambia la kufanya akimkwaruza. Na usiku, saa kumi za alfajiri, nikiwa macho naandika kwa taa ya simu, namsikia anazunguka ua, mara nne, mara tano, kisha anarudi kulala.

Kwa hiyo washikaji wakiniuliza wa Ulaya hajambo, nawajibu hajambo, anawasalimu. Halafu nawauliza wao: wa kwenu ameshachanjwa?